WARAKA WA TABIBU NA MWENYE MARADHI YA AKILI

Somo katika haki ya mgonjwa kuyajua yaliyoandikwa juu yake

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu aliyemfundisha mwanadamu kwa kalamu, na rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad na jamaa zake na sahaba zake wote.

Ama baada ya hayo, somo hili ni la waraka. Si waraka wa kuuza shamba wala wa kufunga ndoa, bali ni waraka anaouandika tabibu kumpelekea tabibu mwenziwe juu ya mtu mwenye maradhi ya akili. Na suala lake ni hili: Je, mtu huyo ana haki ya kuusoma waraka huo, au kusomewa, hali ya kuwa umeandikwa juu ya akili yake mwenyewe? Au yapasa ufichwe, upite mkononi mwake umefungwa kama mzigo wa mtu mwingine?

Huenda msomaji akaliona suala hili kuwa ni dogo, au kuwa ni kazi ya hospitali na wala si kazi ya msikiti. Lakini neno moja katika waraka huo laweza kumwondolea mtu shamba lake, na mkewe, na ushahidi wake, na heshima yake barazani. Na jambo lenye kugusa mali na ndoa na heshima ya Muislamu ni jambo la sharia.

FASLU YA KWANZA: JINSI WARAKA UNAVYOSAFIRI

Miteja ni mji ulio katika njia kuu iendayo Dar es Salaam, upande wa kaskazini wa Kilwa Kivinje. Mtu wa hapo akishikwa na maradhi ya akili, jamaa zake kwanza humsomea, na humwandikia kombe akanywa, na wengine humpeleka kwa mganga. Halafu, maradhi yakizidi, hupelekwa zahanati, na kutoka zahanati huandikiwa waraka wa kwenda hospitali ya wilaya huko Kivinje, na kutoka huko yumkini akapelekwa Lindi, au Muhimbili, au Mirembe kule Dodoma. Mirembe ilifunguliwa mwaka 1927, na kabla yake ilikuwako Lutindi katika milima ya Usambara, iliyoanzwa na wamisionari wa Kijerumani mwaka 1896 kuwa makao ya watoto waliotolewa utumwani, kisha mwaka 1904 ikageuzwa kuwa mahali pa kuwatunza wagonjwa wa akili.

Katika safari hizo mara nyingi waraka huchukuliwa na mgonjwa mwenyewe au na jamaa aliyefuatana naye. Bahasha imefungwa kwa gundi. Na ndani yake maneno ni ya Kiingereza, kwa sababu matabibu wa Tanzania husomea kazi yao kwa lugha hiyo na huandikiana kwayo. Basi mchukuzi wa waraka amefungiwa mara mbili: mara ya kwanza kwa gundi, na mara ya pili kwa lugha.

Ili suala lifahamike, na uwekwe mfano wa kufundishia, kama ilivyo desturi ya vitabu vya fiqhi kumtaja Zaydi na Amri. Zaydi ni mtu wa Miteja, ana mikorosho na shamba la ufuta, ana mke na watoto. Wakati wa masika alishikwa na maradhi, akawa asikia sauti asizosikia mwingine, akaacha kulala na kula. Akatibiwa, akapoa. Tabibu akamwandikia waraka wa kwenda hospitali kubwa apimwe na abadilishiwe dawa, na ndani yake akaandika kwamba maradhi yalikuwa hivi na hivi, na kwamba sasa mtu huyu amerejewa na akili yake na ajua alitendalo.

Waraka ukawekwa nyumbani kungoja siku ya safari. Amri nduguye akaufungua, akamwita kijana asomaye shule. Kijana hakufahamu yote, lakini aliliona neno moja alijualo, akasema: Imeandikwa kuwa huyu ni mwendawazimu. Hata ilipofika magharibi, habari ilikuwa imefika penye buli la kahawa. Msimu wa ufuta ulipokuja, Amri aliuza mavuno ya nduguye, akasema kwamba mwenye wazimu hauzi wala hanunui. Na Zaydi hakuwa na la kujibu, kwa kuwa hakujua kilichoandikwa. Lau angalisomewa waraka wake, angalijua kwamba waraka huo ulikuwa shahidi wake yeye, wala haukuwa shahidi wa Amri.

FASLU YA PILI: NANI MAJNUNI KATIKA SHARIA?

Yajulikane ya kwamba si kila mwenye maradhi ya akili ni majnuni. Majnuni ni yule ambaye akili ya kupambanua imemwondokea. Huyo kalamu ya madhambi imeinuliwa juu yake mpaka apate akili, kama ilivyopokewa katika hadithi ya watu watatu: aliyelala mpaka aamke, mtoto mpaka abaleghe, na majnuni mpaka akili imrudie.

Lakini mtu mwenye huzuni nzito isiyomtoka, na mtu mwenye wasiwasi wa kutawadha mara kumi, na mtu mwenye hofu isiyo na sababu, hawa wote ni wagonjwa, na wote hutibiwa penye wagonjwa wa akili, na wote ni mukallafu: sala ni juu yao, na bei yao ni sahihi, na talaka yao hupita. Kadhalika mwenye kifafa. Katika hospitali nyingi za nchi hii mwenye kifafa hutibiwa na matabibu wale wale wa maradhi ya akili, na watu wakimwona mlangoni humwita mwenda wazimu, hali akili yake ni timamu siku zote isipokuwa saa ile ya kuanguka.

Na hata majnuni wa kweli, maulamaa wa madhehebu ya Shafi'i wamepambanua kati ya wazimu wa daima na wazimu wa kuja na kuondoka. Ukimwondokea, hali hiyo huitwa ifaka, na katika wakati wa ifaka mtu huyo ni kama watu wengine. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 676 wa Hijra, ameeleza katika Minhaji kwamba kizuizi alichowekewa majnuni katika mali yake huondoka kwa kupata ifaka. Wala haihitajiki kadhi aje amfungulie. Akili ikirudi, mali nayo imerudi mkononi mwa mwenyewe.

Kisha na atazame msomaji: ni nani mwenye kuisimamia mali ya majnuni hali ya wazimu wake? Ni babaye, kisha babu mzaa baba, kisha wasii waliyemweka, kisha kadhi. Ndugu hayumo katika orodha hiyo kwa udugu wake tu. Basi Amri aliyeuza ufuta amekosa mara mbili: ameuza mali ya mtu mwenye akili yake, na hata lau Zaydi angalikuwa majnuni, yeye Amri si walii wa mali yake.

Haya yote yaonyesha uzito wa neno. Tabibu akiandika neno moja mahali pa jingine, na mtu asiyejua akalisoma, mtu hutolewa katika hukumu ya wenye akili akatiwa katika hukumu ya wasiokuwa nayo. Na wazimu katika madhehebu haya ni miongoni mwa aibu ziwezazo kuvunjisha ndoa mbele ya kadhi. Basi mwenye kuandikiwa neno hilo ndiye mwenye haja kuliko watu wote ya kulijua.

FASLU YA TATU: DALILI KATIKA KITABU NA SUNNA

Dalili ya kwanza ni aya ya deni katika Suratul Baqara, aya ya 282, ambayo ndiyo aya ndefu kuliko zote katika Kurani. Humo Mwenyezi Mungu ameamrisha deni liandikwe, na mwandishi aandike kwa uadilifu. Na ni nani asomaye maneno ili mwandishi ayaandike? Si mdai, bali ni yule ambaye haki iko juu yake. Na kama mtu huyo ni mpungufu wa akili, au ni mnyonge, au hawezi kusema mwenyewe, basi walii wake ndiye asemaye kwa uadilifu badala yake. Fikiri, ewe msomaji: waraka wa deni la shilingi chache haukuandikwa kwa siri ya yule unaomhusu. Na hata aliyepungukiwa na akili hakuachwa hivi hivi, bali amewekewa mtu wa kusema kwa ajili yake. Basi itakuwaje waraka ulio juu ya akili ya mtu, ambayo ni kubwa kuliko shilingi, uandikwe na usafirishwe hali mwenyewe hajui wala waliye hajui?

Dalili ya pili iko katika Suratun Nisaa, aya ya 5 na ya 6. Katika aya ya kwanza wamekatazwa watu kuwapa wapungufu wa akili mali waitapanye, lakini papo hapo imeamrishwa walishwe, na wavishwe, na wasemeshwe maneno mema. Na katika aya iliyofuata imeamrishwa mayatima wajaribiwe, na wakionekana wamepevuka wapewe mali zao. Katika aya hizi mbili yapatikana njia nzima ya suala hili: anayezuiliwa huzuiliwa kwa kadiri ya madhara tu, husemeshwa kwa wema hata akiwa katika kizuizi, hujaribiwa, na akiweza hupewa kilicho chake.

Dalili ya tatu ni ile iliyomo katika Suratul Israa, aya ya 13 na ya 14, kwamba Siku ya Kiyama kila mtu atatolewa kitabu chake hali kimefunguliwa, na ataamrishwa akisome yeye mwenyewe. Mwenyezi Mungu, ambaye hahitaji shahidi wala hati, hamhukumu mja kwa daftari lililofungwa. Basi viumbe ndio wenye haki zaidi ya kuiogopa daftari iliyofungwa.

Dalili ya nne ni ya kusengenya. Katika hadithi aliyoipokea Muslim, Mtume (s.a.w.) aliulizwa juu ya mtu asemaye aibu iliyo kweli kwa nduguye. Akabainisha kwamba ikiwa ni kweli ndiko kusengenya, na ikiwa si kweli ni uzushi. Maulamaa wametoa rukhsa mahali pachache, na Imamu Nawawi amepataja sita katika Riyadhus Salihina, kama kumshitaki dhalimu, na kuomba fatwa, na kuwaonya watu. Waraka wa tabibu kwa tabibu ni halali kwa mlango huu wa haja, kwani mgonjwa hatibiwi pasi na kuelezwa ugonjwa wake. Lakini rukhsa iliyotolewa kwa haja hupimwa kwa haja. Neno lisilohitajiwa katika tiba, la kumcheka mgonjwa au kumdharau, halimo katika rukhsa hiyo. Na njia iliyo nyepesi ya kulijua neno hilo ni tabibu kujiuliza: Je, naweza kulisoma mbele yake?

FASLU YA NNE: WARAKA WA MUTALAMMIS

Waarabu wa zamani walikuwa na mithali juu ya waraka unaochukuliwa na mtu asiyejua yaliyomo. Wakisema: Ni waraka wa Mutalammis. Na kisa chake ni kwamba mfalme wa Hira, Amru bin Hindi, aliwakasirikia washairi wawili, Mutalammis na Tarafa. Akawapa kila mmoja waraka wa kwenda kwa liwali wa Bahraini, akawaambia kwamba mna zawadi zao ndani. Mutalammis akaingiwa na shaka, akampa kijana amsomee, kumbe ni amri ya kuuawa. Akautupa mtoni, akaokoka. Tarafa akakataa kuufungua wake, akaupeleka mpaka kwa liwali, akauawa.

Na mithali hii imetajwa mbele ya Mtume (s.a.w.). Abu Daudi amepokea katika mlango wa zaka kwamba Uyayna bin Hisni na Akra bin Habisi walikuja kuomba, wakaandikiwa nyaraka zao. Akra akaufunga wake katika kilemba akaenda zake. Ama Uyayna aliuchukua wake akarudi, akauliza kama itamwelea awapelekee watu wake waraka asioyajua yaliyomo, kama waraka wa Mutalammis. Katika hadithi hiyo limo kemeo, lakini kemeo lenyewe ni juu ya mtu kuomba hali anacho cha kumtosha, wala si juu ya kutaka kuyajua yaliyoandikwa.

Hapana tabibu anayemwandikia mgonjwa wake kifo. Lakini mgonjwa aliyeshikwa siku moja kwa nguvu, akafungwa kamba, akatiwa garini, huona katika kila bahasha waraka wa Mutalammis. Wako wanaoitupa njiani, na matibabu yakapotea. Kuisoma bahasha hiyo mbele yake ndiko kunakomtoa shaka.

FASLU YA TANO: MWENDO WA WATU WA ZAMANI

Wako wadhanio kwamba kumpa mgonjwa nakala ni bidaa ya Wazungu. Sivyo. Katika vitabu vya hisba, ambavyo ni vitabu vya kuwafundisha wasimamizi wa soko na kazi za watu, mna mlango wa matabibu. Shayzari, aliyekuwako katika karne ya sita ya Hijra, na baada yake Ibnul Ukhuwwa, aliyefariki mwaka 729 wa Hijra, wameeleza kwamba tabibu akiingia kwa mgonjwa humuuliza maradhi yake, kisha huandika aliyoyasikia na dawa aliyoipanga, na nakala yake huwapa jamaa wa mgonjwa mbele ya mashahidi. Siku ya pili hufanya vivyo hivyo. Mgonjwa akipona, tabibu hupata ujira wake. Akifa, jamaa huzipeleka nakala kwa mkuu wa matabibu naye huzitazama: ikiwa tabibu alifuata njia ya kazi yake, husema hivyo, na ikiwa alizembea, huwaambia wadai diya kwake.

Tazama sababu ya nakala hiyo. Haikutolewa kuwa fadhila tu, bali kuwa mizani kati ya mwenye elimu na asiye nayo. Mgonjwa hana silaha mbele ya tabibu ila maandishi, na tabibu mkweli hana kinga mbele ya tuhuma ila maandishi hayo hayo.

Wala wagonjwa wa akili hawakuachwa nje ya hospitali za Waislamu. Ibnu Jubayri, aliyepita Damasko mwaka 1184, ameeleza hospitali ya huko, madaftari yake yenye majina ya wagonjwa na gharama zao, na matibabu ya wenye wazimu.

FASLU YA SITA: SHERIA ZA ZAMA HIZI

Mwaka 1991 Umoja wa Mataifa ulipitisha kanuni za kuwalinda wenye maradhi ya akili. Kanuni ya 19 yasema kwa maana yake kwamba mgonjwa, hata aliyekwisha kutoka hospitali, ana haki ya kuyaona maandishi yaliyo juu yake. Yaweza kuzuiliwa sehemu tu, kwa kuchelea madhara makubwa kwa afya yake au hatari kwa watu wengine. Na kikizuiliwa kitu, yapasa aambiwe yeye au wakili wake kwamba kimezuiliwa na sababu yake, na aweza kuliomba korti litazame. Tena akitaka kuandika jibu lake, jibu hilo hutiwa pamoja na maandishi ya tabibu.

Katika Tanzania, Sheria ya Afya ya Akili ilipitishwa mwaka 2008 kuwa badali ya sheria ya zama za ukoloni. Na mwaka 2022 ikapitishwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, ikaanza kazi tarehe 1 Mei 2023. Sheria hii yampa mtu haki ya kuzijua habari zilizowekwa juu yake, na yahesabu habari za afya kuwa ni katika zile zenye kulindwa zaidi.

Uingereza, serikali ilitangaza mwaka 2000 kwamba barua wanazoandikiana matabibu, wagonjwa wapewe nakala zake, na mwaka 2003 ukatolewa mwongozo wake. Mwaka 2018 baraza la vyuo vya matabibu huko likawahimiza waandike barua kwa mgonjwa mwenyewe, kwa maneno anayoyafahamu, na tabibu mwenziwe apelekewe nakala. Na Marekani, tangu mwaka 2010, matabibu 105 wa maradhi ya kawaida walijaribu kuwafungulia wagonjwa wao maandishi. Matokeo yake yalitangazwa mwaka 2012: katika wagonjwa waliojibu, kati ya 77 na 87 katika kila mia walisema wameweza kuyashika zaidi mambo ya afya yao, kati ya 60 na 78 katika kila mia ya wanaotumia dawa walisema wanazifuata vizuri zaidi, na waliofadhaika au kuudhika walikuwa kati ya 1 na 8 tu katika kila mia. Hao hawakuwa wagonjwa wa akili peke yao, kwa hivyo hesabu hii si hoja ya kukata katika suala hili, lakini yatosha kupunguza hofu.

FASLU YA SABA: MASALA NA MAJIBU YAKE

Masala ya kwanza. Ikiwa mgonjwa yuko katika ukali wa maradhi, je, apewe waraka wake? Jawabu: Akiwa hana akili ya kupambanua, hapana faida ya kumpa saa hiyo, na yaweza kuwa madhara. Waraka husomewa walii wake kwa kadiri ya haja ya kumtunza. Apatapo ifaka, haki yake humrudia, na yapasa aambiwe yaliyoandikwa alipokuwa mgonjwa. Asili ya mtu ni kuwa na akili, na yakini haiondolewi kwa shaka. Basi mwenye kudai kwamba fulani hawezi kusomewa ndiye mwenye kutakiwa dalili.

Masala ya pili. Mke amemweleza tabibu kwamba mumewe humpiga akishikwa, na tabibu ameandika. Mume akisoma atamdhuru. Je, asomewe? Jawabu: Neno hilo ni amana ya mke, si mali ya mume peke yake. Na kanuni ya sharia ni kwamba hapana kudhuru wala kudhuriana, na kuzuia uharibifu kwatangulia kuleta manufaa. Basi neno hilo huzuiliwa, na bora zaidi liandikwe mbali na waraka huo tangu mwanzo. Lakini haijuzu kulifanya neno moja la mke kuwa sababu ya kuuficha waraka wote. Linalozuiliwa ni lile lenye madhara, na yaliyobaki husomwa.

Masala ya tatu. Mgonjwa hajui kusoma, au waraka ni wa Kiingereza. Je, kumpa karatasi kwatosha? Jawabu: Hakutoshi. Amana ni kufikisha maana. Mwenye kumpa mtu wa Miteja barua ya Kiingereza akasema nimempa haki yake, ni kama aliyempa kipofu taa. Yapasa asomewe kwa Kiswahili, na msomaji awe tabibu au mwuguzi, wala asiwe kijana wa jirani, maana asomaye amekwisha kuwa mwenye siri.

Masala ya nne. Je, ndugu au jirani aweza kuufungua waraka uliofungwa? Jawabu: Haijuzu ila kwa idhini ya mwenyewe, au kwa walii wake hali ya wazimu. Kupeleleza kumekatazwa katika Suratul Hujurat, aya ya 12, pamoja na kusengenya, na Amri ameyakusanya yote mawili. Na haki ya mgonjwa kuona haiwi haki ya mji mzima kuona.

Masala ya tano. Mgonjwa amesomewa, akasema: Si kweli, mimi si mgonjwa. Je, tabibu abadilishe? Jawabu: Lililo kosa la wazi, kama jina au tarehe au jambo ambalo halikutokea, husahihishwa. Ama rai ya tabibu juu ya maradhi haibadilishwi kwa kuogopa, kwani naye ni mwenye kushuhudia kwa elimu yake. Lakini maneno ya mgonjwa huandikwa chini yake, ili asomaye baadaye asikie sauti mbili.

FASLU YA NANE: HOJA YA WENYE KUFICHA

Husemwa: Mgonjwa akijua jina la maradhi yake atavunjika moyo. Hoja hii haitupwi, kwa kuwa huruma ni katika dini. Lakini mgonjwa tayari ajua kwamba anaumwa. Ajua alivyofungwa kamba, na ajua watoto wanavyomwimbia njiani. Jina alilopewa na watoto ni baya kuliko lile la tabibu, na halina dawa. Tabibu akimwambia: Maradhi yako yana jina, wameugua wengine, na dawa yake ni hii, na usiikate ghafula, hapo ndipo moyo unapopata pa kushika.

Husemwa tena: Atakasirika. Yaweza kuwa. Lakini aliyefichwa akagundua mwenyewe hukasirika zaidi, na hasira yake ina haki. Na tabibu ajuaye kwamba waraka wake utasomwa na mwenyewe hupunguza dharau na huzidisha uangalifu. Badala ya kuandika kwamba mtu huyu ni mkaidi, ataandika kwamba ameacha dawa kwa sababu zilimtetemesha mikono, na habari hii ya pili ndiyo yenye kumfaa tabibu wa mbele.

Mama wa mtoto mchanga hupewa kadi ya kliniki akae nayo nyumbani, na uzito wa mtoto na chanjo zake vimeandikwa humo. Hakuna aliyesema kwamba mama atavunjika moyo akiuona uzito umepungua. Bali akiuona ndipo afanyapo haraka. Mwenye maradhi ya akili naye ni mtu, na mwili wake na akili yake ni amana yake mwenyewe kabla haijawa kazi ya hospitali.

KHATIMA

Muhtasari wa somo ni huu. Waraka wa tabibu juu ya mwenye maradhi ya akili ni halali kwa haja ya tiba. Maneno yake hupimwa kwa haja hiyo. Asili ni mwenyewe kuyajua, kwa lugha aijuayo, wakati akili yake iko naye. Kuzuia ni rukhsa kwa madhara ya kweli, kwa kadiri yake, na kwa kumwambia kwamba kumezuiliwa. Na wasiohusika hawana haki hata ya kuigusa bahasha.

Lililo juu ya tabibu ni kuandika kwa uadilifu na kusoma kwa upole. Lililo juu ya jamaa ni kuifikisha bahasha kama walivyoipokea, na kumwachia mgonjwa aliyepoa mali yake na neno lake. Na lililo juu ya mgonjwa ni kuuliza. Akifika mbele ya tabibu na aseme: Bwana daktari, naomba nisomewe uliyoyaandika. Hapana aibu katika kuuliza, na aliyeuliza amesomewa mengi ambayo aliyenyamaza ameyabeba tu.

Mwenyezi Mungu awaponye wenye maradhi katika Waislamu, awarejeshee akili zao zilizopotea, na azihifadhi siri zao mikononi mwa wenye kuziandika. Amina. Na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi.

Maswali ya kudurusu:
1. Ni tofauti gani iliyopo kati ya majnuni na mwenye maradhi ya akili aliye mukallafu?
2. Kizuizi cha mali ya majnuni huondoka kwa nini, na je, huhitaji hukumu ya kadhi?
3. Ni nani walii wa mali ya majnuni, na ndugu ana daraja gani?
4. Kwa nini tabibu wa zamani aliwapa jamaa nakala mbele ya mashahidi?
5. Ni lini huzuiliwa sehemu ya waraka, na ni lipi lipasalo mgonjwa aambiwe hapo?